Wanaopima na Wanaosifu

Kwa miaka mingi, jaribio la gari-nyumba katika jarida la Kiingereza la MMM lilimalizikia kwenye kisanduku chenye vichwa vitatu: nilichokipenda, nilichotamani kiwepo, nisichokipenda. Msomaji mgeni huanza na cha kwanza. Mzoefu huruka hadi cha tatu, ambacho aghalabu ndicho kifupi kuliko vyote, na pengine kilichomo humo ni ndoano ya taulo iliyofungwa mahali pasipofaa. Malalamiko mazito, yale ya kumfanya mtu asite kutoa pauni 60,000, huwa yamepelekwa kichwa cha kati na kuvikwa adabu. Mwandishi ametamani nafasi zaidi ya mizigo. Ametamani pia taa moja zaidi juu ya jiko. Taa na mizigo vinakaa mstari mmoja kana kwamba ni ndugu, na msomaji anaachiwa ang'amue mwenyewe kwamba taa hununuliwa dukani, ilhali gari lisiloweza kubeba mizigo ya familia ni hasara tupu.

Afrika Mashariki magari-nyumba ni nadra. Tunayoyaona huwa na namba za Ujerumani au Uholanzi, yameegeshwa kwenye kambi ya watalii, na wenyewe ni wazee wawili wanaokunywa chai kwenye viti vya kukunja. Ndani mna vitanda, jiko, friji, choo na tangi la maji, vyote vimejengwa juu ya chasi ya gari la mizigo. Ulaya hiyo ni biashara kubwa: mwaka 2020 Ujerumani peke yake ilisajili magari-nyumba mapya zaidi ya 78,000. Wanunuzi wengi ni wastaafu, na baada ya nyumba yao hakuna kitu cha bei hiyo watakachokinunua tena maishani. Mtu anayetia kiinua mgongo chake humo ana haki ya kuuliza kama jarida analolisoma kila mwezi linamwambia kweli.

Jibu la haraka, ambalo utalisikia kambini popote Ulaya, ni kwamba waandishi wamenunuliwa. Silikubali. Nikiyasoma majarida ya Uingereza, Ujerumani na Marekani sambamba, naona waandishi wa nchi zote tatu wanafanana sana kwa tabia: wanapenda magari haya, wanajua kazi yao, hawapendi kugombana na mtu. Kinachowatofautisha ni mazingira ya kazi. Gari limetoka kwa nani? Litarudi lini? Na je, kuna chombo kinachotoa jibu ambalo mwandishi, hata akitaka, hawezi kulilainisha?

Tuanze na Waingereza. Jaribio lao ni insha. Mwandishi huingia ndani ya gari, huketi kwenye sofa, na kuanza kuishi humo kwa fikra: mvua ya Wales inanyesha nje, mbwa ana tope miguuni, mmoja anapika na mwenzake anataka kupita aende chooni. Je, atapita? Kitanda cha nyuma, kikiwa kimesukumwa ukutani, humlazimu wa ndani kumruka wa nje usiku wa manane. Mwandishi mzuri wa Kiingereza ataligundua hilo kabla ya kitu kingine chochote na kuliandika kwa ucheshi usioumiza. Atakuambia kama bomba la sinki linagongana na kifuniko cha jiko, na kama meza ya kulia chakula inahitaji watu wawili kuifungua. Hakuna utamaduni mwingine wa majarida haya unaojua hivyo maana ya kuishi katika mita 7 na mtu mnayependana.

Lakini tazama maandishi madogo mwishoni, yanayotaja aliyeliazima gari. Mara nyingi ni wakala wa mauzo. Gari hilo hilo linamsubiri mteja, kwa hiyo mwandishi hawezi kukaanga samaki humo, hawezi kutumia choo, na pengine viti bado vina nailoni ya kiwandani. Ataliendesha kwa saa chache, atapiga picha, atalirudisha likiwa safi. Anachokihakiki ni nyumba ambayo hajawahi kulala ndani yake, naye hukitathmini kama mgeni anayesifia chakula huku mwenyeji bado amekaa mezani akimtazama.

Mwenyeji huyo naye ana nguvu zaidi ya anavyoonekana. Majina ya magari-nyumba Ulaya ni mengi, ila wenye nayo ni wachache. Trigano ya Ufaransa inamiliki Chausson, Challenger, Benimar, Adria ya Slovenia, na pia Auto-Trail na Auto-Sleepers za Uingereza. Kundi la Erwin Hymer la Ujerumani lina Hymer, Bürstner, Dethleffs, Carado, Sunlight, Laika na mengineyo, nalo lilinunuliwa mwaka 2019 na Thor Industries ya Marekani. Hesabu ya mhariri basi ni nyepesi na ya kutisha: akimuudhi mmoja, kurasa za matangazo zinazoweza kutoweka si za jina moja. Isitoshe, Warners, kampuni ya mji wa Bourne inayochapisha MMM, ndiyo pia inayoandaa maonyesho ambako mawakala hulipia nafasi za kuegesha magari yao. Sidai kwamba kuna siku simu ilipigwa na aya ikafutwa. Pengine simu haihitajiki. Adabu ya kisanduku cha kati inatosha.

Ukifungua promobil, jarida la Ujerumani linalotoka Motor Presse Stuttgart, nyumba ile ile ya auto motor und sport, unakutana na ulimwengu wa majedwali. Sofa ipo, lakini imepimwa. Urefu wa kitanda kwa sentimita, kelele ndani ya gari kwa desibeli, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki. Zaidi ya yote, gari limepandishwa mizani. Na hapa inafaa tusimame, kwa sababu uzito ndio ugonjwa wa siri wa biashara hii nzima.

Leseni ya kawaida ya Ulaya, daraja B, humruhusu dereva kuendesha gari lisilozidi kilo 3,500 likiwa limepakiwa. Uingereza, waliopata leseni kabla ya Januari 1997 huendesha mpaka tani 7.5, waliofuata wamebanwa na ile 3,500. Kwa hiyo watengenezaji hujitahidi kila gari likae chini ya mstari huo, hata likiwa na urefu wa mita 7 na vitanda vinne. Tuseme orodha ya bei inasema gari lina kilo 2,900 likiwa tayari kwa safari, ndani yake dereva wa kilo 75, mafuta, gesi na maji. Zinabaki 600. Ondoa abiria watatu wa kilo 75 kila mmoja: 375. Ongeza kivuli cha pembeni, gia otomatiki, paneli ya sola, sahani ya satelaiti na vingine ambavyo mnunuzi alishawishiwa kuviagiza, tuseme kilo 200 kwa jumla: zimebaki 175. Halafu soma maandishi madogo ambayo watengenezaji wa Ujerumani huyaweka kwenye orodha zao: uzito halisi unaweza kupishana na uliotajwa kwa asilimia 5, juu au chini. Asilimia 5 ya 2,900 ni kilo 145. Kama bahati haikuwa upande wako, familia ya watu wanne imeachiwa kilo 30 za nguo, chakula, vyombo, baiskeli na viti.

Na yale maji? Tangi ni la lita 100, lakini katika magari mengi hesabu ya kiwandani imehesabu lita 20 tu, ambazo ndizo unazotakiwa kubeba ukiwa barabarani. Ukijaza tangi zima umeongeza kilo 80 na umevunja sheria kabla hujatoka kwenye kituo cha mafuta. Kanuni ya Umoja wa Ulaya inadai angalau nafasi ndogo ya mizigo ibaki, nayo huhesabiwa hivi: jumlisha idadi ya watu na urefu wa gari kwa mita, kisha zidisha kwa 10. Watu wanne na mita 7 ni kilo 110. Hicho ndicho kima cha chini ambacho sheria inakiona kinatosha familia kwenda likizo.

Hakuna aya ya kupendeza inayoweza kuiweka sawa hesabu hiyo. Jarida linalolipandisha gari mizani, ekseli ya mbele na ya nyuma, na kuchapa jibu, limeshasema ukweli hata kama kurasa tano zilizobaki zimejaa sifa. Jarida linalonukuu tarakimu ya kiwandani, kama ilivyokuwa desturi Uingereza kwa muda mrefu, linaweza kuwa na mwandishi mwadilifu kuliko wote na bado likampotosha msomaji. Kwa hili nawapa Wajerumani ushindi bila kusita.

Chombo chenyewe kinaweza kuwa rahisi mno. Oktoba 1997 mwandishi wa Uswidi, Robert Collin wa jarida la Teknikens Värld, alipanga koni, akalipitisha Mercedes A-Class kwa kulikwepesha ghafla kana kwamba kuna mnyama mbele, na gari likapinduka. Kampuni ilipinga kwanza, kisha ikasimamisha upelekaji wa magari na kuyatia yote mfumo wa kudhibiti uthabiti. Koni za plastiki zilifanya kisichoweza kufanywa na kivumishi chochote.

Lakini jedwali nalo lina maficho yake. Majaribio ya Kijerumani hutoa nyota na alama katika mafungu, kisha alama hujumlishwa, na gari lenye kasoro moja kubwa hutoka na wastani mzuri kwa sababu friji yake ilikuwa nzuri na kabati zake zilifungwa vyema. Gari linalofeli kabisa ni nadra kuliona. Tena kuna tuzo. Kila mwaka wasomaji wa promobil hupiga kura ya gari-nyumba la mwaka, na washindi huitangaza tuzo hiyo katika matangazo yao, pamoja na yale yanayochapwa katika jarida hilo hilo.

Kuhusu tuzo za namna hii Wajerumani wenyewe wana kovu. Januari 2014 gazeti la Süddeutsche Zeitung lilifichua kwamba hesabu za tuzo ya Malaika wa Njano, inayotolewa na ADAC, chama cha wenye magari chenye wanachama karibu milioni 19, zilikuwa zimepikwa. Golf ilitangazwa kupata kura 34,299. Kura halisi zilikuwa 3,409. Mhariri mkuu wa jarida la chama, Michael Ramstetter, alikiri na kuondoka. Mwezi uliofuata rais wa chama naye akajiuzulu. Ninachokiona cha ajabu ni kwamba Golf ingeshinda hata kwa hesabu ya kweli. Hakuna aliyelipwa ili mshindi abadilishwe. Idadi iliongezwa ili chama kionekane kinasikilizwa na watu wengi zaidi. Uongo katika majarida haya haudai rushwa. Kiburi cha mchapishaji kinautosha, na nchi yenye mizani bora kuliko zote haikupona.

Marekani ndiko swali la nani amelileta gari lilikopata jibu la wazi mno. Majarida mawili makubwa ya huko, Trailer Life na MotorHome, yaliishia mikononi mwa kampuni ile ile yenye klabu ya Good Sam na maduka ya Camping World. Camping World ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa magari-nyumba Marekani, na tangu 2016 hisa zake zinauzwa katika soko la New York. Mwenye duka alikuwa pia mwenye jarida. Kurasa za majaribio ziliendelea kuandikwa, zikiwa na tarakimu na picha nzuri, na mafundi walioandika safu za matengenezo walikuwa wa hali ya juu. Ningemshauri yeyote mwenye betri zilizokufa azisome. Ila kumtarajia mwandishi huyo amwambie msomaji asinunue ni kumwonea.

Hili linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba Marekani ndiyo nchi ya Consumer Reports, iliyoanzishwa 1936, isiyopokea matangazo na inayonunua magari yake yenyewe kwa mawakala kama mteja wa kawaida. Dawa ilishapatikana, lakini bei ya ugonjwa huu inaishinda. Basi kubwa la kulala ndani linaweza kuzidi dola 200,000, na aina ni mamia. Hakuna shirika la wasomaji litakalomudu kununua hata sehemu ndogo yake. Ndiyo maana jaribio la kujitegemea lililosikika zaidi huko, la mwandishi JD Gallant na kundi lake la RV Consumer Group, lilielekea kwenye vitu vinavyopimika gari likiwa limesimama. Gallant alisisitiza uwiano kati ya urefu wa gari na umbali wa kutoka ekseli moja hadi nyingine. Gari refu lenye ekseli zilizokaribiana humtikisa dereva, humchosha kwenye upepo, na mwishoni humhatarisha. Utepe wa fundi seremala unatosha kulijua hilo, hapo hapo yadini, kabla muuzaji hajafika na kahawa.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeagiza gari kutoka Japani atakuwa ameshaanza kukumbuka kitu. Sisi hatuna desturi kubwa ya majarida ya gari jipya, kwa sababu wengi wetu hatununui gari jipya. Uhakiki wetu wa gari ni karatasi ya mnada. Mkaguzi wa mnada wa Kijapani, wa kampuni kama USS, hulizunguka gari kwa dakika chache na kujaza mchoro wake: A1 kwa mkwaruzo mdogo, U kwa kubonyea, W kwa sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX kwa paneli iliyobadilishwa. Juu kulia huandika gredi. Nne na nusu ni gari safi; R ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Hana sentensi hata moja ya kusifia. Hasafiri pwani kulijaribu, hajui kama kiti kinapendeza, na hakuna anayemtarajia ajue.

Kwa nini karatasi hii inaaminika kuliko jarida lenye kurasa 200 za rangi? Mkaguzi naye analipwa na biashara. Tofauti ni kwamba mnada unaishi kwa wanunuzi wanaonadi bila kuliona gari. Mkaguzi akidanganya, mnunuzi hudai fidia ndani ya muda uliowekwa, na akidanganywa mara kwa mara huhamia mnada mwingine. Uongo una bei, na bei hiyo humfikia aliyeutoa upesi. Kwa mhariri wa Uingereza mambo ni kinyume: ukweli ndio wenye bei ya papo hapo, tangazo likiondolewa mwezi ujao, na uongo hulipiwa na mtu asiyemjua, miaka mitatu baadaye, unyevu ukishaanza kupanda ukutani.

Tusijipongeze mno, lakini. Karatasi ikishatoka Japani hupita mikononi mwa watu, na kila aliyeagiza gari anajua habari ya gredi iliyobadilishwa kwa kompyuta na kilomita zilizorudishwa nyuma. Wenye busara huikagua upya kwa namba ya chasi kabla ya kutuma pesa. Na hata karatasi halisi ina mpaka wake: inakuambia gari lilivyo asubuhi ya mnada. Kuhusu kuishi nalo iko kimya, na hapo yule Mwingereza wa kwenye sofa, pamoja na adabu zake zote, anahitajika tena.

Anahitajika hasa anapowaachia nafasi wenye magari. Mwaka 2006 Fiat ilitoa Ducato mpya, gari la mizigo lililobeba sehemu kubwa ya magari-nyumba ya Ulaya. Baada ya muda wenye nayo Uingereza walianza kuandika: ukirudi nyuma kwenye mwinuko, gari likiwa limepakiwa, klachi hutetemeka gari zima likatikisika, na mvua hupenya chini ya kioo cha mbele na kudondokea injini. Jaribio la nusu siku haliwezi kugundua hayo. Gari lililoazimwa ni tupu, limekauka, na halipelekwi nyuma kuupanda mlima wenye nyasi mbichi, kitu ambacho mpiga kambi hukifanya kila wikiendi. Barua zikawa nyingi, wenye magari wakajiunga, majarida ya Uingereza yakalibeba suala hilo, na mwishowe mengi ya magari hayo yakafanyiwa marekebisho, ikiwemo kubadilishwa uwiano wa gia ya rivasi.

Zisome barua za namna hiyo na utaona kuwa ni majaribio bora kuliko mengi yaliyolipiwa. Mwandishi wake hutaja injini, mwaka, kilomita, mteremko, na jibu alilopewa na wakala neno kwa neno. Hana kichwa cha kati. Zimechapwa kwa herufi ndogo, bila picha, na kurasa chache mbele yake kuna matangazo ya rangi ya magari yaliyojengwa juu ya chasi ile ile.